Hitilafu Haikuonekana

Katika miaka ya pilikapilika za gesi, kati ya 2012 na 2014, helikopta zilikuwa zikipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Mtwara kuelekea kwenye meli zilizokuwa zikichoronga visima katika kina kirefu cha bahari, na watu wa mjini walikwisha kuuzoea mlio wake kiasi kwamba hata watoto hawakuinua tena vichwa. Mimi niliusikia mlio ule nikiwa ndani ya banda la matengenezo, mikono imejaa vumbi la kaboni. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari, nikaajiriwa kwanza kama kibarua wa kushika tochi na kufua vitambaa vya kufutia mafuta, na baada ya muda nikakabidhiwa kwa fundi wa umeme wa ndege mwenye leseni, mtu mzima wa Newala ambaye banda zima lilimwita Mzee.

Jambo lililonisumbua tangu wiki ya kwanza ni kwamba tulikuwa tukifungua vitu vizima. Nilikulia kwa mjomba wangu, fundi wa umeme wa magari na boti pale Mikindani, na kwake nyaya haziguswi mpaka taa izime, honi inyamaze au stata igome. Kifaa kinachofanya kazi huachwa kifanye kazi. Sasa nikajikuta nimelala chali chini ya helikopta iliyorejea salama saa mbili zilizopita, rubani wake hana neno, nami nafungua skrubu moja baada ya nyingine ili kukitoa kifaa ambacho hakuna mtu aliyekilaumu. Nilimwuliza Mzee ni nani aliyelalamika. Akanijibu kwamba aliyelalamika yuko nchi nyingine, wala hatumfahamu.

Jibu hilo lina maelezo marefu, na inafaa niyatoe kwa utaratibu. Helikopta ya aina moja hutengenezwa kwa mamia, na kila moja huenda zake: moja inabeba watalii, nyingine inabeba wagonjwa milimani, nyingine inavuka bahari kila siku. Ikitokea kwamba katika nchi mojawapo fundi amekuta waya umeungua, au rubani amepoteza jenereta angani, taarifa hurudi kwa mtengenezaji na kwa mamlaka ya nchi ilikosanifiwa ndege hiyo. Mtengenezaji huchunguza, kisha hutoa waraka wa kiufundi unaoeleza tatizo na namna ya kulikagua. Waraka huo peke yake, kwa kawaida, ni ushauri wa mtu aliyekuuzia kitu. Unapogeuka kuwa sharti ni pale mamlaka inapouchukua na kuutolea agizo la lazima la usalama, na kuanzia tarehe inayotajwa humo, ndege ambayo haijatimiza agizo ndani ya muda uliowekwa hairuhusiwi kuruka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kupitia Kiambatisho chake cha 8, unazitaka nchi zinazosanifu ndege kuzipelekea nchi nyingine taarifa hizo, na nchi ambamo ndege imesajiliwa ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha zinafanyiwa kazi. Kwa ndege zenye namba za usajili zinazoanza na 5H, yaani za kwetu, wajibu huo uko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Sisi pale bandani tuliliita agizo tu. "Kuna agizo," mtu akisema, kila mmoja alijua kwamba ratiba ya siku hiyo imekufa. Agizo lina lugha kavu: aina ya ndege, namba za vipande vinavyohusika, sababu, kazi ya kufanya, na muda. Muda huo hupimwa kwa saa za kuruka au kwa siku za kalenda, na lililo la dharura husema jambo moja fupi, kwamba kazi ifanyike kabla ya safari inayofuata. Mengine hufanywa mara moja yakaisha. Mengine hujirudia kila baada ya saa kadhaa mpaka mtengenezaji alete kifaa kilichoboreshwa, na haya ya kujirudia ndiyo yanayochosha, kwa sababu unalifungua jambo lile lile mara ya saba ukijua kwamba mara sita zilizopita hukukuta chochote.

Kwa nini umeme? Watu wakifikiria hatari ya helikopta hufikiria mapanga yanayozunguka juu yake na injini, na ni kweli kwamba vikikatika hivyo hakuna mjadala. Lakini umeme katika helikopta unaishi maisha magumu kuliko katika chombo kingine chochote ninachokifahamu. Chukua helikopta yenye mapanga manne, inayozungusha mapanga hayo mara 300 kwa dakika. Kila panga linapopita, mwili mzima wa ndege hupata kishindo kidogo. Hiyo ni mishindo 1,200 kwa dakika, na kwa saa moja ya kuruka ni mishindo 72,000. Waya uliofungwa vizuri hautikisiki peke yake, hutikisika pamoja na bodi iliyoushika. Waya uliolegea hata kwa upana wa kidole husugua ukingo wa chuma mara zote hizo, na ganda lake la plastiki, ambalo ni jembamba ili kupunguza uzito, huchubuka polepole mpaka shaba inaonekana. Kama jirani yake ni bomba la mafuta au la haidroliki, yaani la majimaji yanayosukuma mitambo, shoti moja inatosha kutoboa bomba na kuwasha kilichomo kwa cheche ile ile.

Ushahidi wa jinsi waya mmoja unavyoweza kuangusha chombo kikubwa hautoki kwenye helikopta peke yake. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na pwani ya Nova Scotia nchini Kanada, na watu wote 229 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Kanada walihitimisha kwamba moto ulianzia juu ya dari, ambako cheche kutoka kwenye nyaya ziliwasha ngozi ya blanketi za kuzuia joto na sauti. Tangu hapo mafundi wa umeme wa ndege tumefundishwa kuutazama mkungu wa nyaya, yaani nyaya nyingi zilizofungwa pamoja, kama kiungo kinachozeeka, chenye umri na magonjwa yake, badala ya kuuchukulia kuwa sehemu ya ukuta.

Kisha ipo chumvi. Hapa Mtwara kusi huvuma kwa miezi mingi, na helikopta inayoruka juu ya bahari hurudi imepakwa ukungu wa chumvi usioonekana kwa macho mpaka upitishe kidole na kulamba. Tuliiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, lakini maji hayaingii kila mahali, na mahali yasipoingia ndipo chumvi inapopenda kukaa: nyuma ya soketi, chini ya klipu, kwenye mkanda wa arthi unaounganisha kipande kimoja cha bodi na kingine. Kutu ya shaba ni ya kijani na huonekana mapema. Kutu ya alumini ni unga mweupe, na mtu mvivu huweza kuudhani vumbi. Kuna wakati nilijiona mjanja, nikamwambia Mzee kwamba weusi niliouona kwenye kontakti za rilei, yaani ncha za madini ya fedha ndani ya swichi inayoendeshwa na umeme, unatokana na salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuanzia Juni, kwa kuwa salfa na fedha haziivi chungu kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kitambaa, akafuta, akanionyesha kwamba ni masizi ya cheche za kawaida. Salfa iko mashambani, akasema, hapa tusafishe chumvi.

Ubaya wa kutu katika umeme unaeleweka zaidi kwa hesabu. Jenereta ya helikopta ya kati huweza kutoa ampea 200. Ikiwa sehemu moja tu ya maungio imepata kutu na kuongeza ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ambao mita ya kawaida ya gereji haiwezi hata kuusoma vizuri, joto linalozalishwa pale ni wati 400, karibu nusu ya pasi ya nguo, mahali padogo kama kichwa cha boliti. Taa zote kwenye paneli zitakuwa sawa, na rubani ataona volti 28 kama kawaida. Kinachofanyika ni kwamba boliti inapikwa, na waya unaofuata unapikwa, mpaka siku moja unakatika au unawaka.

Betri ina kisa chake. Helikopta nyingi zilibeba betri za nikeli na kadimi, seli 20 za volti 1.2 kila moja, na betri hizo zina tabia moja mbaya: zikipata joto kupita kiasi huvuta mkondo mwingi zaidi kutoka kwa jenereta, mkondo huo huongeza joto, na joto huongeza mkondo, mpaka kisanduku kinachemka. Kwa hiyo ndani yake kuna kihisi cha joto, chenye waya mwembamba unaokwenda mpaka kwenye taa mbele ya rubani. Taa ikiwaka, rubani huitenga betri na kutafuta mahali pa kutua.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe, kwa kuwa kifaa kinachotoa umeme kina namna ya kujitetea. Jenereta ikifa, rubani anajua. Kifaa cha kuonya hakina utetezi huo, maana kikifa kinanyamaza, na ukimya wake unafanana kabisa na ukimya wa kifaa kizima ambacho hakijaona hatari. Nyaya za kujazia maboya ya dharura, yale yanayovimba pembeni mwa helikopta inapolazimika kutua majini, huenda zisipitishe mkondo wa kazi hata mara moja katika umri wote wa ndege. Utajuaje kuwa ni nzima? Kuna kitufe cha kujaribu taa kwenye paneli, na marubani hukibonyeza kila asubuhi, taa zote zikawaka wakaridhika. Lakini kitufe kile kinathibitisha kwamba balbu ni nzima. Hakisemi lolote kuhusu swichi iliyoko ng'ambo ya pili ya waya, ndani ya giaboksi, yaani kisanduku cha gia zinazozungusha mapanga, kwenye mafuta na joto.

Mwaka 2014 ilitoka ripoti ya wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza kuhusu helikopta mbili za aina ya EC225, ambazo mafundi wote wa ndege zinazovuka bahari walikuwa wakizizungumzia. Ya kwanza ilitua majini katika Bahari ya Kaskazini tarehe 10 Mei 2012 ikiwa na watu 14, na ya pili tarehe 22 Oktoba mwaka huo huo ikiwa na watu 19. Wote 33 waliokolewa. Chanzo kilikuwa mhimili ndani ya giaboksi kuu uliopata ufa na kukatika, na kwa kuwa mhimili huo ndio uliozungusha pampu za mafuta, ulainishaji ukakoma. Helikopta hiyo ilikuwa na mfumo wa dharura wa kunyunyizia giaboksi mchanganyiko wa maji na glikoli, uliokusudiwa kumpa rubani dakika 30 za kufika mahali. Marubani waliuwasha katika ajali zote mbili, na katika ajali zote mbili taa ikawaka kuwaambia kwamba mfumo huo nao umeshindwa. Kitabu cha taratibu kilisema ukifika hapo utue mara moja. Wakatua baharini.

Wachunguzi waligundua kwamba mfumo wa dharura ulikuwa umefanya kazi mara zote mbili. Taa ndiyo iliyosema uongo, kwa sababu swichi za kupima mgandamizo na nyaya za helikopta hazikuoana, na kwa hali hiyo taa ingewaka kila mara mfumo ule ulipowashwa. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, kisha nikampelekea Mzee. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alisema tu kwamba mfumo unaotumika siku ya msiba peke yake hujaribiwa siku ya msiba, mpaka pale mtu atakapolazimishwa kuujaribu mapema. Helikopta za aina ile zilizuiwa kuruka juu ya maji kwa miezi kadhaa, na zilirejea baharini kuanzia Julai 2013 zikiwa na masharti mapya ya ukaguzi.

Nimesimulia hayo ili nifike kwenye kosa langu, ambalo halikuua mtu. Kuna siku lilikuja agizo kuhusu kisanduku kinachosimamia jenereta. Halikuhusu visanduku vyote, bali vile vyenye namba za utambulisho ndani ya orodha fulani, kwa kuwa ndivyo vilivyounganishwa vibaya kiwandani. Tulikuwa na helikopta mbili, na abiria walikuwa wanasubiri kwenda kubadilishana zamu na wenzao. Nikachukua kadi ya vipuri ya ndege ya kwanza, nikasoma namba ya kisanduku, nikailinganisha na orodha, haikuwamo. Nikaandika kwamba agizo halihusiki. Kazi ya dakika nne, nami nilijivunia wepesi wangu.

Mzee aliisoma sentensi yangu, akaniuliza kama kisanduku chenyewe nimekiona. Nikamwambia kadi inaonyesha. Hakugomba. Alinipa kioo chenye mpini na tochi, akaniambia nikasome kibandiko. Ili kukifikia kisanduku kile ilibidi nitoe kiti kimoja na bamba mbili, nijikunje, niangalie namba kwa kioo ikiwa imegeuka, niinakili hivyo hivyo na kuigeuza kichwani. Haikuwa namba ya kwenye kadi. Miezi michache nyuma, katika haraka ya kurudisha ndege kazini, visanduku vya helikopta zile mbili vilikuwa vimebadilishana, na aliyefanya hivyo, au aliyepaswa kuandika baada yake, hakuandika. Kisanduku nilichokwisha kukitangaza kuwa hakihusiki kilikuwa katikati ya orodha.

Tukakitoa. Abiria wakaambiwa wasubiri, na mtu wa ratiba akaja mara tatu kusimama mlangoni bila kusema kitu, jambo ambalo lilikuwa kero kuliko kama angesema. Tulikifungua juu ya meza, tukapima kila njia iliyotajwa, tukavuta kila ncha kwa nguvu iliyoelekezwa, tukatazama kila ulehemu kwa kioo cha kukuzia. Kilikuwa kizima kabisa. Nakumbuka nilichukia. Baada ya aibu ile, nilitaka angalau tukute waya mmoja uliolegea, ili saa tatu zile ziwe na maana.

"Ulitaka kiwe kibovu?" Mzee akaniuliza.

Sikuwa na jibu la kumpa.

Sipendi kuwaacha wasomaji wakidhani kwamba ukaguzi ni heri tupu, na kwamba kadiri tunavyofungua ndivyo tunavyokuwa salama. Kila mara soketi inapochomolewa, vijiti vyake huchakaa kidogo; mkungu wa nyaya ukisogezwa kupisha mkono, waya wa nyuma unakunjwa mahali ulipokuwa haujawahi kukunjwa; na bisibisi moja ikisahaulika nyuma ya bamba ni hatari kubwa kuliko kutu tuliyokwenda kuitafuta. Nimewahi kukuta kijiti cha soketi kimerudi nyuma kwa sababu ya ukaguzi uliopita, wala si kwa sababu ya mtikisiko au chumvi. Ndiyo maana agizo lililoandikwa vizuri huwa finyu: linataja namba za vipande, linataja mahali, linataja kipimo, na halikutumi kupekua ndege nzima. Ndiyo maana pia, kwa kazi zinazogusa mifumo muhimu, mtu wa pili ambaye hakufanya kazi hiyo huja kuitazama kwa macho yake kabla ya bamba kufungwa. Binafsi naona agizo lenye maneno mapana ni kosa la aliyeliandika, kwa kuwa linamwachia fundi aliyechoka aamue mwenyewe ukomo wa kazi, na fundi aliyechoka huukuta ukomo mapema.

Mjomba wangu, nilipomweleza haya yote siku moja ya Ijumaa tukiwa tumekaa barazani kwake, alisikiliza kwa heshima ya mtu anayesikia habari za nchi ya mbali. Kisha akasema kwamba boti yake ikizima injini, inaelea. Hilo ni kweli, na sikuona la kuongeza.

Siku ile ya kisanduku, baada ya kukirudisha na kuwasha jenereta na kuipima ikiwa chini ya mzigo, Mzee alinikabidhi kitabu cha kumbukumbu za ndege. Sentensi yangu ya mwanzo ilikwisha kupigwa mstari mmoja, bado ikisomeka, na saini yake na yangu pembeni, kwa kuwa humo hakuna kinachofutwa. Niliandika namba ya agizo na toleo lake. Nikaandika namba ya kisanduku kama ilivyosomwa kwenye kibandiko, si kwenye kadi. Nikaandika njia zilizopimwa na kipimo cha kila moja, aina ya mita na tarehe yake ya kuhakikiwa. Nilipofika mwisho nikataka kuandika "kizima", Mzee akaweka kidole juu ya karatasi. Hatukujua kama ni kizima, alisema. Tulichojua ni kile tulichokitazama. Nikaandika kwamba katika sehemu zilizotajwa hapo juu hitilafu haikuonekana, nikaweka saa za ndege, nikajumlisha 100, nikaandika chini yake saa ambayo ukaguzi huo ungerudiwa. Yeye akatia saini na namba ya leseni yake, na abiria wakaitwa.